Pandeni Tu, Msiningoje

Mvua ya Machi iliposhika mwaka juzi, ndugu zangu wawili walisimama kando ya mashamba yao kule bonde la Lambwe, ng'ombe wamefungwa nira, mbegu ziko kwenye ndoo, na hawakupanda. Walikuwa wananingoja mimi. Mimi nilikuwa Migori mjini, kwenye chumba changu cha kupanga, nikimtazama mzungu mmoja kwenye simu akiosha zulia.

Nieleze kwanza kuhusu kupanda, maana kuna watu wanatoka sehemu ambako mtu hupanda anapojisikia. Kwetu kupanda kuna foleni. Baba alipokuwa hai walitangulia yeye na Mama. Baba akafariki, Mama akawa anatangulia peke yake. Baada ya Mama ni kifungua mimba, ambaye ni mimi, kisha anayenifuata, kisha kitinda mimba. Si lazima nilime ekari nzima. Mashimo machache yanatosha, bora jembe limeshikwa na mkono wangu. Mke wangu angeweza kunipandia, hilo linakubalika, lakini mke wangu alihamishwa kazi akaenda Nakuru, halafu akahama mwenyewe. Anayempita mkubwa wake anamletea mkubwa huyo balaa. Sijui koo nyingine zinafanyaje. Katika ukoo wetu kifungua mimba hupitwa akishazikwa. Hapo ndipo wazee humwambia anayemfuata, haya, shika jembe, sasa ni wewe.

Cheka ukitaka. Mimi ni mwalimu wa Historia na Kiswahili na nimewahi kuwacheka wazee hao mbele ya darasa. Lakini kila Machi nilikuwa naenda Lambwe Jumamosi moja, maana sisi ni Wakatoliki, si Wasabato, na Jumamosi ni ya kazi, natoboa mashimo yangu, nakunywa uji, narudi Migori na tope kwenye viatu. Tangu Baba afariki nilikuwa sijakosa hata mwaka mmoja.

Ugonjwa wenyewe ulianza na pasi. Niliacha kupiga nguo pasi. Kisha nikaacha kula na walimu wenzangu saa saba, nikawa nasema nina madaftari ya kusahihisha. Kisha nikaacha kusahihisha. Asubuhi moja nilikaa kitandani, soksi moja mguuni, nyingine mkononi, nikawa naitazama hiyo ya mkononi mpaka nikasikia kengele ya saa nne ikilia huko shuleni. Watu hudhani ni huzuni. Huzuni ningeijua, nimezika baba. Hii haikuwa na mtu wa kulilia. Kila kitu kilikuwa na ladha ya maji ya kuoshea vyombo, hata watu.

Nikampigia mwalimu mkuu nikamwambia ni malaria. Huku kwetu malaria haiulizwi maswali. Ukisema malaria, mtu anakwambia pole na kukata simu. Niliugua malaria kwa wiki tatu mfululizo, kisha shule zikafungwa na sikuhitaji tena kuugua.

Lakini kwenye simu nilikuwa mzima kabisa. Hilo nataka lieleweke. Nilikuwa admini wa magrupu manane: la familia, la walimu, la wazazi wa darasa langu, la kwaya, la tuliosoma pamoja, na mengine matatu ya mazishi ya watu waliozikwa zamani ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutoka. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi nilituma picha ya ua lenye umande, na chini yake maneno, Asubuhi njema, Mungu yu mwema. Kisha nageukia ukutani. Mtu akiuliza jambo nilijibu kabla hajaiweka simu chini. Wazazi walinisifu. Mmoja aliandika kwamba angetamani walimu wote wawe kama mimi, nami nikamjibu kwa mikono miwili iliyounganishwa, huku nimelala na shati la juzi.

Kwa hiyo mtu akiuliza habari zangu kule nyumbani aliambiwa yuko mtandaoni. Hiyo ndiyo ilikuwa ripoti ya daktari.

Wakati huo huo mtu alitutumia walimu bango kuhusu afya ya akili. Lilisema ukimwona mwenzako amejitenga, mtafute, mjulie hali. Mimi kama admini nikalisambaza kwenye magrupu yote manane, hata yale ya mazishi. Nilikuwa sijavuka mlango kwa siku tisa. Watu wakaweka kidole gumba, wengine wakaandika Amina.

Mchana nilitazama mazulia. Yule mzungu analetewa zulia chafu kupindukia, anamwaga sabuni, anasugua, maji meusi yanatoka, mpaka rangi inaonekana. Hasemi neno. Nilitazama mazulia mengi sana, aisee. Likiisha moja, lingine linakuja lenyewe.

Aliyeona kitu ni mmoja tu, mzee wa duka lililo chini ya chumba changu, Mwislamu kutoka Isiolo ambaye ameuza Migori tangu kabla sijaajiriwa. Zamani nilikuwa nashuka kila jioni kununua maziwa, tunabishana kidogo kuhusu mpira, napanda. Siku hizi nilikuwa naagiza mkate kwa ujumbe, naletewa mlangoni. Siku moja alipanda ngazi mwenyewe akagonga.

"Mwalimu, siku hizi hunywi chai?"

Nikamjibu nikiwa kitandani kwamba nimeacha sukari.

"Sijakuuliza sukari," akasema. Akasimama kidogo, kisha nikasikia kandambili zake zikishuka.

Basi mvua ikashika, Mama akatoboa mashimo yake ya kutangulia. Anayenifuata akaandika kwenye grupu la familia: Kaka, udongo uko tayari, Jumamosi? Nikajibu papo hapo: Jumamosi bila kukosa, na ngumi ya nguvu. Jumamosi ikafika, nikaandika malaria. Jumamosi ya pili nikaandika malaria imerudi. Wakanipa pole, wakaniombea kwa maandishi, na binamu wa Oyugis akanielekeza nichemshe mwarobaini. Hakuna aliyenikaripia, na ningefurahi wangenikaripia. Majirani wa Lambwe walikuwa wameshapanda na mahindi yao yameanza kuchungulia. Ndugu yangu anayenifuata ana watoto watano na hategemei mshahara wa mtu. Anategemea shamba hilo alilokwisha kulipimia mistari kwa kamba na hawezi kuligusa kwa sababu mimi niko kitandani.

Nililijua hilo kila saa. Wengine hufikiri mtu wa namna hiyo hajali. Nilijali mno, na bado sikuweza kuvaa soksi ya pili.

Kitinda mimba ndiye aliyepata suluhisho. Yeye hutengeneza simu pale soko la Kisegi na huamini hakuna kisichowezekana kwa simu. Alisema nipigiwe kwa video. Mke wake, ambaye anakaa pale bomani na Mama, atashika jembe, yeye ataishika simu juu ya shimo, nami nitasema napanda, jembe lishuke. Nilikubali haraka mno. Nilivaa hata shati safi. Saa tatu asubuhi wakapiga, nikaona shamba, nikaona miguu ya shemeji na jembe limeinuliwa, na mara nikaona leso ya Mama ikikaribia.

"Huyo ni nani?" Mama akauliza, akiinamia simu. Mama hutumia kabambe, ile simu ndogo ya tochi, na mambo ya video anayaona kwa wengine.

"Ni kifungua mimba wako, Mama," akasema kitinda mimba. "Msalimie."

Mama akanitazama. Sijui aliona nini. Kule mapangoni mwangu, samahani, kule chumbani mwangu, nilikuwa nimefunga pazia.

"Hii sikuizaa mimi," akasema, akaenda zake kuchuma mboga.

Mpango ukafa hapo. Lile shati nililivaa siku tatu.

Siku ya nne, Jumatano mchana, kati ya zulia moja na lingine, wazo likanijia, na lilikuwa wazo zuri. Nilijisikia vizuri kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Niliona kumbe jambo ni rahisi tu: mimi ni gogo limelala njiani, basi gogo liondoke. Nikaandika kwenye grupu la familia: Pandeni tu, msiningoje. Nikaongeza ule uso unaotabasamu. Majibu yakaja. Sawa kaka. Mungu akubariki kwa moyo wako. Binamu wa Oyugis akaweka makofi. Niliweka simu kifuani nikalala usingizi mnono, wa mtu aliyemaliza kazi.

Yaliyotokea Lambwe nilisimuliwa baadaye na shemeji. Yeye ndiye msomaji rasmi wa grupu. Kila jioni, kabla ya ugali, humsomea Mama yaliyoandikwa, kwa sababu Mama hajui kusoma na wala hayumo humo. Jioni hiyo Mama alikuwa anapepeta maharagwe. Shemeji akasoma habari za ndama wa fulani, akasoma za harusi, akasoma ujumbe wangu, akapita kwenye makofi ya binamu.

"Rudi nyuma," Mama akasema. "Soma tena."

Shemeji akasoma tena. Pandeni tu, msiningoje.

"Nani kaandika?"

"Kifungua mimba."

"Yeye mwenyewe? Kwa mkono wake?"

Shemeji akasema ndiyo, na kuna uso unacheka. Mama akaweka ungo chini na maharagwe yake. Alisimama akaenda mpaka kwa anayenifuata, ambaye kwa kweli alikuwa ameshaanza kunoa jembe, naye alikuwa na haki yake. Akamwambia mtu atakayegusa udongo kabla yeye Mama hajarudi, asimwite mama tena. Asubuhi hakuwepo.

Alhamisi hiyo mchana simu yangu ililia na nikaona ni Mama. Nikakaa vizuri kitandani, nikasafisha koo, nikaweka sauti ya mwalimu.

"Mama! Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Uko wapi, baba?"

"Niko darasani, Mama. Kuna masomo ya ziada, watoto wana mtihani."

Kisha sauti yake ikaja mara mbili, mara moja sikioni na mara moja kupitia ubao wa mlango.

"Basi fungua darasa."

Nilifungua. Sikuwa na la kufanya lingine. Alikuwa amesimama na mfuko wa gunia, na nyuma yake, vidato vitatu chini, mzee wa duka aliyemwonyesha mlango, akijifanya anakagua ukuta. Mama alinitazama kuanzia kichwani. Nilikuwa na ndevu, na nilikuwa nimepungua. Yawa, alisema, neno hilo moja la Kijaluo la masikitiko, kwa sauti ndogo, akaingia. Mama anajua Kiswahili cha sokoni tu; mengine yote aliyoyasema siku zile nayatafsiri.

Mama wa kwetu hasafiri mikono mitupu. Akija mjini huja na kuku, huja na karanga, na viazi vya kukuvunja mgongo. Nikaangalia mfuko. Alitoa mahindi ya mbegu kwenye kopo, na kichwa cha jembe, bila mpini, kimeviringishwa kwa leso. Hakukuwa na kuku. Hapo ndipo nilipoogopa.

Alipangusa kiti cha plastiki akakaa.

"Nimesomewa ulichoandika," akasema.

"Niliandika nini, Mama?"

"Umewaaga ndugu zako."

"Aka, Mama! Nimewaonea huruma tu. Mvua itaisha. Nimewaambia wapande."

"Kifungua mimba akisema apitwe, yuko wapi huyo?" Alingoja, kama mimi ninavyowangoja wanafunzi. "Nakuuliza. Mtu aliye hai anaandika hivyo?"

Nilifungua mdomo nimweleze kwamba ni mila tu, kwamba hata wataalamu wa Historia wanasema mambo hubadilika. Maneno hayo yalikuwa tayari kabisa. Hayakutoka. Nilikuwa nimelisoma andiko langu mara nyingi, nikapokea na makofi, na sikuwa nimelisikia. Mwanamke asiyejua kusoma alilisikia mara mbili tu, akaja.

Nililia. Sikulia kistaarabu. Nilimwambia kwamba kila asubuhi nikifumbua macho, jambo la kwanza ninalolihisi ni kuvunjika moyo kwamba yamefumbuka. Nilikuwa sijawahi kulisema kwa mtu wala kwangu mwenyewe, na lilipotoka nililiogopa kama vile limesemwa na mtu mwingine chumbani.

Mama hakunishika. Aliuliza, "Tangu lini?"

"Tangu Krismasi."

"Na lile ua la asubuhi?"

"Nilikuwa nalituma."

"Nilikuwa naambiwa," akasema. "Kila siku naambiwa, kifungua mimba ametuma ua. Nami nashukuru Mungu, nasema mwanangu yuko salama, ameamka." Akainama akaokota shati la siku tatu kutoka sakafuni, akalikunja, ingawa lilikuwa chafu. "Kumbe nilikuwa nashukuru ua."

Simu ikaanza kulia kwa kufuatana, tuu, tuu, grupu la kwaya lilikuwa linabishana kuhusu sare. Mama akauliza kama kitu hicho kina mahali pa kukizimia. Nikamwambia mimi ni admini. Akaichukua, akaitia kwenye sufuria ya ugali, akafunika, akaweka sufuria juu ya kabati. Ikaendelea kutetemeka humo kama kitu kinachochemka, mpaka chaji ikaisha kesho yake.

Nilimuuliza atarudi lini nyumbani. Akasema, "Tukirudi."

Ijumaa alinipeleka hospitali ya serikali. Alitembea nyuma yangu njia nzima, jinsi watu wanavyompeleka ng'ombe josho. Kule akamwambia mtu wa kwanza aliyevaa nguo nyeupe, ambaye alikuwa anapanguza madirisha, kwamba mwanawe amejiaga. Tukaelekezwa chumba cha nyuma. Muuguzi alikuwa binti mdogo, huenda nilimfundisha mdogo wake, na alikuwa na karatasi ya maswali. Aliuliza kama ninapata usingizi. Aliuliza kama mambo niliyokuwa nayafurahia bado nayafurahia.

"Anafurahia mazulia," Mama akasema, maana usiku nilikuwa nimemweleza.

Muuguzi akaandika kitu. Kisha akamwomba Mama atoke kidogo, akaniuliza swali lingine, lile zito, waziwazi bila kuzungukazunguka, na nikalijibu. Hakushtuka. Aliniambia huu ni ugonjwa, una jina, unawapata walimu na wavuvi na wachungaji, na kwamba nisikae peke yangu kwa sasa. Nikamwambia kuhusu hilo hakuna wasiwasi.

Mama aliporudi aliuliza kama ugonjwa una dawa.

"Una dawa, Mama. Na una maongezi. Atakuwa anakuja hapa tunaongea."

"Na kupanda?"

Ilibidi nieleze. Muuguzi alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa Kisii lakini alielewa foleni ni nini. Akasema, "Akipata nguvu apande. Lakini asilazimishwe, Mama. Msimlazimishe."

Mama akaitikia. Na kuanzia hapo hakutaja kupanda. Nilidhani atanisumbua, nilijiandaa hata kumkasirikia. Alipika, akafagia, akashuka kwa mzee wa duka kila jioni kununua maziwa, wakawa wanazungumza kwa Kiswahili kibovu cha pande zote mbili na kucheka. Kopo la mbegu lilikaa dirishani. Kichwa cha jembe kilikaa ndani ya leso, chini ya kiti.

Mvua iliendelea. Kila siku saa mbili asubuhi kabambe ya Mama ililia, akatoka nje kwenye baraza, na nilisikia neno moja.

"Bado."

Kesho yake tena, "Bado." Keshokutwa, "Bado." Simu hiyo ina sauti ya kupasua, na siku ya sita nilimsikia anayenifuata upande wa pili vizuri kana kwamba yuko ngazini.

"Mama, mahindi ya jirani yamefika magotini."

"Mimi nimeona mahindi marefu maisha yangu yote," Mama akasema. "Bado."

Nilingoja matusi. Mtu ana watoto watano, ana mke ambaye nilijua anasema, na anasema haki. Ndugu yangu akauliza, "Anakula?"

"Anakula kidogo."

"Haya."

Nilifunika uso kwa blanketi. Nilikuwa na hasira nao wote wawili, sijui kwa nini, hasira ya kutaka kurusha kitu. Ilikuwa miezi sijakasirika, na Mama nilipomweleza alifurahi akaniongezea mboga.

Siku ya kumi nilifumbua macho na kukuta yale mavunjiko ya moyo hayajafika bado. Nilingoja. Yalikuja, lakini yalichelewa, na katika nafasi ile ndogo nilikuwa nimeshakaa na miguu iko sakafuni. Nisiwadanganye, sikuwa nimepona. Dawa zenyewe, muuguzi alikuwa amesema, bado zilikuwa zinatafuta njia. Nilivaa soksi zote mbili. Nikainama chini ya kiti nikatoa kile kichwa cha jembe.

"Mpini uko wapi?" nikauliza.

Mama alikuwa anakoroga uji. Hakugeuka. "Uko nyumbani," akasema, na mwiko ukasimama kidogo ndani ya sufuria kisha ukaendelea.

Kabla ya saa tisa tulikuwa Lambwe. Hakuna aliyetupokea kwa shangwe, na nawashukuru. Mpini ulikuwa umeegemezwa kwenye ghala, umeshachongwa upya. Ndugu zangu walikuwa kila mmoja kwenye mpaka wake, ng'ombe wamefungwa tena nira. Kumbe Mama alikuwa ameshapiga simu tukiwa njiani na kusema neno tofauti na Bado. Wake zao walikuwa na ndoo. Watoto watano walipangwa mstari, wadogo mbele, wameshika mbegu kwenye ngumi.

Nikapiga jembe la kwanza. Likaenda upande. Nikatia mbegu, nikafunika kwa mguu, nikasogea. Nilitoboa mashimo kumi na moja, na kwenye la kumi na moja nikakaa chini kwenye tope na suruali yangu ya shule.

Anayenifuata akaja mpaka niliposimama, yaani nilipokaa. Akautazama mstari wangu tangu mwanzo hadi mwisho.

"Mwalimu," akasema, "mwanafunzi akikuletea mstari kama huu si unamchapa?"

Akapiga mluzi, ng'ombe wakavuta. Sijawahi kuona watu wakipanda namna hiyo. Walipanda kwa kukimbia, waume na wake, na watoto wakiangusha mbegu na kuanguka nazo. Giza halijaingia walikuwa wamemaliza mashamba yote mawili. Mimi nilibaki nimekaa, na shemeji akaniletea uji pale pale topeni.

Sasa hivi naendelea. Kila mwezi naenda kwa yule muuguzi tunaongea. Zipo asubuhi za soksi moja. Hazijaisha na sijaahidiwa kwamba zitaisha. Magrupu ya mazishi nilitoka yote matatu, na mtu mmoja akanipigia kuuliza kuna nini, nikamwambia marehemu amezikwa. La familia nilimwachia shemeji uadmini. Ua silitumi tena. Asubuhi nampigia Mama, na kama siku ni mbaya namwambia leo ni mbaya, naye anasema haya, kisha ananieleza habari za mbuzi wake kwa urefu usio na huruma.

Mahindi ya msimu ule tuliyavuna yakiwa yamechelewa, mafupi, mengine na mapengo. Agosti tulikaa uani tukipukuchua, mimi na Mama, gunia moja katikati yetu. Jambo lilikuwa limenikaa kifuani tangu siku ya kupanda. Nikamuuliza.

"Mama, kama nisingeamka siku ile? Mvua ikaisha, na mimi bado niko kitandani?"

"Tungenunua mahindi," akasema.

"Nyumba zote tatu? Na wale watoto?"

"Kwani wewe huwa unanunua wapi?"

"Na kama ningelala mpaka mvua ya mwaka uliofuata?"

Aligeuza gunzi mkononi kuona kama limebaki na punje, akalitupa, akachukua lingine.

"Tungenunua mahindi," akasema.